Nani aliibeba santuri hadi dukani? Kuzisikiliza upya albamu za roki mbadala za miaka ya 1980

Mwaka 1988 Kylie Minogue aliongoza chati ya muziki huru ya Uingereza. Ndiyo, Kylie huyo huyo wa tamthilia ya televisheni ya Australia na nyimbo za disko. Chati ile ilikuwa ya vijana waliovaa makoti ya mitumba na kudharau karibu kila kilichopigwa redioni mchana, na humo ndimo alimokaa kileleni. Miaka mitatu nyuma, Psychocandy ya The Jesus and Mary Chain, albamu ambayo leo haikosekani watu wanapotaja roki mbadala ya muongo ule, haikuruhusiwa kuingia humo hata nafasi ya mwisho.

Karani hakukosea hesabu. Chati ilianza kuchapishwa Januari 1980, na sharti lake lilikuwa moja: santuri iwe imefika dukani bila kupita kwenye mitandao ya usambazaji ya makampuni makubwa. Gitaa linalia vipi, mwimbaji amenyoa au amefuga nywele, hayo hayakumhusu mtu. Nyimbo za Kylie zilitolewa na PWL, na PWL ilisambaziwa mzigo na Pinnacle, msambazaji wa kujitegemea. Psychocandy ilitolewa na Blanco y Negro, lebo iliyokuwa na sura ya uasi lakini ikilala chini ya mwavuli wa WEA, yaani Warner. Bendi hiyo hiyo, ilipokuwa bado na lebo changa ya Creation, ilikuwa imeshaongoza chati ile kwa wimbo wa "Upside Down".

Kioja hiki kinanisaidia kueleza kwa nini makala nyingi kuhusu albamu hizi zinamwacha msomaji mahali pale pale. Zinamwambia kwamba roki mbadala ni aina ya mlio, kisha zinamwekea R.E.M., The Smiths, Hüsker Dü na Sonic Youth kwenye kapu moja. Akizisikiliza, anakuta hazifanani hata kidogo. Moja ni gitaa la nyuzi zinazomeremeta na sauti inayonung'unika, nyingine ni kelele kama ya msumeno wa umeme. Kilichoziunganisha ni njia waliyopita: fedha ya studio ilitoka wapi, nani alisafirisha santuri, redio gani ilithubutu kuipiga. Mambo hayo yanaonekana ya kihasibu, lakini yanasikika kwenye spika.

Kwanza, walikuwa wanakwepa nini? Msomaji wa Kiswahili anayeijua roki ya miaka ile mara nyingi ameijua kupitia Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja, na lile onyesho la Queen pale Wembley tarehe 13 Julai 1985 kwenye tamasha la Live Aid. Ile ndiyo roki ya viwanja vya mpira: studio ya miezi mingi, video ya gharama, kampuni kubwa inayolipia mabango. Marekani kulikuwa pia na MTV, iliyoanza kurusha Agosti 1981, na vituo vya redio vya kibiashara vilivyopangiwa nyimbo na washauri wa kuajiriwa, kituo kimoja kikifanana na kingine kutoka jimbo hadi jimbo. Mimi si mpinzani wa Queen, na sidhani kama kila aliyepiga gitaa gereji alikuwa mtakatifu. Lakini bendi isiyo na kampuni kubwa haikuwa na mlango wa kuingilia huko, hata ikipiga vizuri kiasi gani.

Mlango ulikuwa vyuoni.

Kwenye masafa ya FM ya Marekani, sehemu ya chini kabisa, kati ya 88 na 92, imetengwa kwa vituo visivyo vya biashara. Vyuo vikuu vingi vilikuwa na kituo hapo, vingine vyenye nguvu ya wati 10 tu, vya kusikika mabwenini na mitaa michache ya jirani. Watangazaji walikuwa wanafunzi wasiolipwa, na kwa kuwa hawakulipwa hakuna aliyewapangia cha kupiga. Jarida la CMJ, lililoanzishwa 1978, likaanza kukusanya orodha za vituo hivyo na kuziweka pamoja. Hapo ndipo lebo ndogo ikaweza kuona kwamba santuri yake, ambayo haijawahi kusikika kwenye kituo chochote cha biashara, inapigwa katika miji mingi kwa wakati mmoja. Bendi nayo ikajua gari lake liende wapi: palipo na kituo cha chuo pana watu mia mbili wanaojua nyimbo zako na baa yenye jukwaa.

R.E.M. ni watoto wa mfumo huo. Walitoka Athens, mji wa chuo kikuu katika jimbo la Georgia, mbali na New York na Los Angeles. Kazi zao za mwanzo walizirekodi kwa Mitch Easter, kwenye studio aliyoijenga katika gereji ya wazazi wake huko Winston-Salem, North Carolina. Lebo yao, I.R.S., ilipotaka albamu kamili iliwapeleka kwanza kwa Stephen Hague, prodyuza aliyejua alichokuwa anatafuta sokoni. Aliwarudisha kwenye wimbo mmoja mara chungu nzima, akamfungia mpiga dramu Bill Berry kwenye mdundo wa mashine, kisha akaongeza kinanda cha umeme bila wao kuwepo. Walikataa katakata na kuomba kurudi kwa Easter, safari hii akiwa na Don Dixon. Murmur ilirekodiwa Charlotte mwanzoni mwa 1983 na kutoka Aprili mwaka huo.

Isikilize leo ukiwa na habari hiyo kichwani. Hakuna gitaa la solo la kujionyesha, vinanda vya mtindo wa wakati ule havipo, na Michael Stipe anaimba maneno ambayo hata Waingereza na Wamarekani wenyewe hawayashiki. Wengi wameyafanyia uchambuzi maneno hayo kana kwamba yamefichwa siri. Kwa maoni yangu siri haipo. Sauti imewekwa kwenye miksi, yaani mchanganyiko wa mwisho wa ala na sauti, sawasawa na gitaa la Peter Buck, si juu yake, kwa hiyo sikio linaichukua kama chombo kingine. Mpenzi wa muziki wa Kiafrika ambaye amefurahia nyimbo za Kilingala maisha yake yote bila kujua Kilingala hatashangaa. Jarida la Rolling Stone liliichagua kuwa albamu bora ya 1983, mwaka ambao Thriller ya Michael Jackson ilikuwa imeenea dunia nzima. Kwenye chati ya mauzo Marekani, Murmur iliishia nafasi ya 36.

I.R.S., hata hivyo, ilisambaziwa na A&M. R.E.M. hawakuwa huru kamili kwa kipimo cha ile chati ya Uingereza. Kila unapochora mstari, kuna anayesimama juu yake.

Saa 85, dola 3,200

Ukitaka kusikia ukosefu wa fedha kwa masikio yako, weka Zen Arcade. Hüsker Dü walikuwa watu watatu kutoka Minnesota: Bob Mould kwenye gitaa, Grant Hart kwenye dramu, Greg Norton kwenye besi. Lebo yao ilikuwa SST ya California, iliyoanzishwa na Greg Ginn, mpiga gitaa wa Black Flag. Waliingia studio na kurekodi takribani saa 45, kisha wakakaa kwenye miksi saa 40 mfululizo. Nyimbo karibu zote zilichukuliwa mara ya kwanza zilipopigwa. Mbili tu ndizo zilizorudiwa. Gharama yote ilikuwa dola 3,200, kwa albamu ya santuri mbili inayosimulia habari za kijana aliyetoroka nyumbani.

Matokeo yake ni mlio mwembamba wenye mluzi wa juu, besi imezama, dramu zinasikika kama zinapigwa chumba cha pili. Wapo wanaosema mlio huo ulikusudiwa. Siwaamini sana. Ulikuwa mlio wa watu wasio na siku nyingine ya kulipia. Lakini haraka ile ile ndiyo iliyowazuia kuzifuta ncha za nyimbo, na humo ndani kuna piano, kuna gitaa la kawaida lisilo la umeme, kuna kanda iliyopigwa kinyumenyume, na mwishoni kuna wimbo mmoja wa karibu dakika 14. Kwa bendi iliyotoka kwenye hadkoo, tawi la panki lililotaka nyimbo za dakika moja, huo ulikuwa ukaidi mkubwa.

Minutemen, wenzao wa SST kutoka San Pedro, walikuwa wameshamaliza albamu yao waliposikia kwamba Hüsker Dü wana santuri mbili. Wakarudi kutunga nyimbo zaidi. Double Nickels on the Dime ilitoka Julai 1984, mwezi ule ule wa Zen Arcade, ikiwa na nyimbo 45. Hii ndiyo ninayompa mtu asiyependa roki. D. Boon anapiga gitaa jembamba lisilo na uzito wowote, Mike Watt anakimbiza besi kama mtu wa fanki, George Hurley anavunja midundo katikati, na kabla hujazoea wimbo umekwisha. Boon alikufa katika ajali ya gari Desemba 1985, akiwa na miaka 27.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo lilikuwa likiziua lebo ndogo, na ni gumu kidogo. Ungedhani tatizo la lebo ndogo ni santuri kutouzika. Mara nyingi tatizo lilikuwa kuuzika. Kiwanda cha kuchapa santuri kinataka fedha taslimu kabla ya kuwasha mashine. Duka linachukua mzigo kwa mkopo, linamlipa msambazaji baada ya miezi, na msambazaji naye anakaa na fedha kabla ya kuipeleka kwenye lebo. Kwa hiyo ukiuza nakala zote za kwanza, wateja wanaanza kulia wakitaka nyingine, nawe huna senti ya kuchapisha kwa sababu fedha zako bado zinazunguka barabarani. Ukikopa ukachapa nyingi, kisha msambazaji akafilisika, umekwenda naye. SST waliogopa hilo, wakachapa kati ya nakala 3,500 na 5,000 tu za Zen Arcade. Ziliisha upesi. Bendi ikawa inazunguka Marekani kutangaza albamu isiyopatikana madukani.

Ukilijua hilo, hutawaita wasaliti Hüsker Dü kwa kwenda Warner, ambako walitoa Candy Apple Grey mwaka 1986, wala The Replacements kwa kusaini na Sire mwaka mmoja kabla. Walikwenda kutafuta kampuni inayoweza kuchapa nakala za pili.

Manchester na London

Uingereza walijaribu kulitatua tatizo hilo kwa ushirika. Geoff Travis alifungua duka la Rough Trade magharibi ya London mwaka 1976, akaongeza lebo mwaka 1978, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 wauzaji wa jumla wa mikoani, kuanzia Liverpool, York na Bristol hadi Edinburgh, waliungana na Rough Trade katika mtandao ulioitwa The Cartel. Nchi ni ndogo, majarida ya muziki yalitoka kila wiki, na BBC ilikuwa na John Peel aliyepiga usiku chochote kilichomvutia. Santuri iliyorekodiwa Manchester ingeweza kuwa dukani kote nchini bila kampuni kubwa kuigusa. Hilo Marekani halikuwezekana kwa ukubwa wake.

The Smiths ndio walioujaribu mtandao huo kwa uzito mkubwa kuliko wote. The Queen Is Dead ilikuwa tayari mwishoni mwa 1985, lakini ilikaa kabatini hadi Juni 1986 kwa sababu bendi na Rough Trade walikuwa wanavutana kisheria. Ilipotoka ilifika nafasi ya pili. Watu husifu maneno ya mwimbaji Morrissey, na yanastahili, lakini ninaporudi kwenye albamu hii ninamsikiliza mpiga gitaa Johnny Marr. Katika "There Is a Light That Never Goes Out" zile fidla hazikupigwa na mtu yeyote mwenye fidla. Ni sampula, yaani sauti zilizorekodiwa kabla, za kinanda cha Emulator, na kwenye jalada wakaziandika kwa utani kama kundi la wapiga ala la Salford linalochukiwa. Dramu za wimbo unaobeba jina la albamu ni kipande cha Mike Joyce kilichonaswa na fundi mitambo Stephen Street kisha kikazungushwa. Bendi inayosifiwa kwa kupinga mashine ilikuwa na mashine mbili ndani ya albamu yake bora, na haikuharibika kitu.

Uhuru kutoka makampuni makubwa haukumaanisha haki ndani ya bendi. Morrissey na Marr walichukua asilimia 40 kila mmoja ya mapato ya kurekodi na maonyesho. Joyce na mpiga besi Andy Rourke wakabaki na asilimia 10 kila mmoja. Rourke alikubali kumaliza kwa pauni 83,000. Joyce alikwenda mahakamani na mwaka 1996 akashinda robo yake.

Factory ya Manchester ilikuwa kinyume cha Rough Trade kwa tabia. Tony Wilson, mtangazaji wa televisheni, na Alan Erasmus waliianzisha 1978. Peter Saville alichora majalada. Martin Hannett alisimamia mlio. Closer ya Joy Division ilitoka Julai 1980, miezi miwili baada ya mwimbaji Ian Curtis kujiua. Ni vigumu kuisikiliza bila kifo kile kuingia katikati, na sidhani ni lazima kujilazimisha. Ila sikiliza pia kazi ya Hannett: kila ala ameipa nafasi yake ya baridi, kama vile wanamuziki hawapo chumba kimoja. Hüsker Dü walikosa muda. Hannett alikuwa na muda na akautumia kuondoa vitu.

Mwangwi wa kweli na mwangwi wa mashine

Mtu akisema albamu fulani "ni ya miaka ya 80 kabisa", mara nyingi anachosikia ni dramu. Mwanzoni mwa muongo huo mafundi wa Uingereza walianza kuipa dramu mwangwi mkubwa wa ukumbini kisha kuukata ghafla kabla haujafifia. Mlio ukawa mkubwa kama bunduki na mkavu kwa wakati mmoja. Phil Collins aliufanya maarufu mwaka 1981, na baada ya hapo ulipakwa kila mahali hadi ukachosha.

Surfer Rosa ya Pixies, ya Machi 1988, haina rangi hiyo, ndiyo maana haizeeki. Steve Albini aliirekodi Boston Desemba 1987 kwa siku kumi hivi. Alipendelea kuweka maikrofoni mbali na dramu ili zichukue chumba chenyewe kinavyoitikia. Sauti za nyuma za mpiga besi Kim Deal katika "Where Is My Mind?" zilirekodiwa bafuni, kwa sababu kuta za vigae zinarudisha sauti vizuri. Kwa kazi yote Albini alilipwa dola 1,500 na kukataa mirabaha; alishikilia msimamo kwamba anayerekodi bendi ni fundi, alipwe kazi yake aondoke. Deal mwenyewe aliingia kundini kwa kujibu tangazo la gazeti lililotafuta mpiga besi anayependa Hüsker Dü pamoja na Peter, Paul and Mary, yaani kelele pamoja na nyimbo tulivu za asili za Kimarekani. Tangazo hilo linaeleza Pixies kuliko insha nzima.

Mwishoni mwa 1988, kwa albamu iliyofuata, Doolittle, lebo yao, 4AD, iliweka fedha zaidi, takribani dola 40,000, na prodyuza Gil Norton. Norton alitaka nyimbo zirefushwe. Inasimuliwa kwamba Black Francis, mwimbaji wa Pixies, alimpeleka duka la santuri akamwonyesha mkusanyiko wa Buddy Holly, nyimbo za dakika mbili mbili. Nyimbo zikabaki fupi. Doolittle ni safi zaidi, na ule mtindo wa ubeti mnyenyekevu unaolipuka kwenye kiitikio unasikika wazi. Kurt Cobain wa Nirvana alikiri baadaye kwamba alipotunga "Smells Like Teen Spirit" alikuwa anawaiga Pixies. Nchini Marekani Doolittle iliingia hadi nafasi ya 98, basi. Cheti cha platinamu, nakala milioni moja, kilikuja 2018, karibu miaka thelathini baadaye.

Sonic Youth walikuwa na tatizo tofauti: magitaa. Walinunua ya bei poa yasiyopiga vizuri, wakayafunga nyuzi kwa tuni walizozibuni wenyewe, gitaa moja kwa tuni moja au mbili, kwa hiyo jukwaani walifika na rundo zima. Daydream Nation ya Oktoba 1988 waliirekodi New York katika studio ya Greene Street na fundi Nick Sansano, aliyezoea hiphop, kwa dola 30,000 hivi. Ni albamu ya santuri mbili, na mimi ningeipunguza kidogo upande wa tatu. Mwaka 2005 iliwekwa kwenye hifadhi ya taifa ya rekodi ya Maktaba ya Bunge la Marekani, mlio wa magitaa mabovu ukikaa pamoja na hotuba za marais.

Walioachwa nje ya orodha

Orodha za albamu bora za roki mbadala zinafanana kwa namna moja: waliomo ni vijana wa kizungu, karibu wote. Hali halisi haikuwa hivyo. Bad Brains, Waafrika wa Marekani kutoka Washington, walitoa I Against I na SST ile ile mwaka 1986. A.R. Kane, vijana wawili weusi wa mashariki ya London, Alex Ayuli na Rudy Tambala, walitoa 69 kupitia Rough Trade mwaka 1988, wakitumbukiza magitaa ndani ya mwangwi wa dabu, tawi la rege, hadi yakapoteza umbo. Miaka mitatu minne baadaye bendi nyingi za Uingereza zilifanya jambo linalofanana na hilo zikapata sifa zaidi yao.

Na kuna Burundi. Wafaransa walirekodi wapiga ngoma wa huko miaka ya 1960, na lebo ya Ocora ikatoa santuri. Joni Mitchell aliitumia 1975. Mwaka 1980 Adam and the Ants waliweka wapiga dramu wawili kuufuata mdundo ule, na kwa muda Uingereza nzima ikawa inazungumza juu ya "mapigo ya Burundi" bila Mrundi yeyote kuonekana. Walionekana wenyewe Julai 1982, katika tamasha la kwanza la WOMAD huko Shepton Mallet, walipopanda jukwaani na Echo & the Bunnymen wa Liverpool na kupiga pamoja "Zimbo", wimbo ambao albamu ya Heaven Up Here inauita "All My Colours". Ukiulinganisha na toleo la studio utasikia nafasi ambayo mpiga dramu Pete de Freitas aliiacha wazi. Ngoma za Burundi ziliingia humo bila kusukuma mtu. Tamasha lenyewe lilipata hasara kubwa kiasi kwamba Peter Gabriel, mmoja wa waanzilishi wake, alirudiana na Genesis, bendi yake ya zamani, kwa onyesho moja ili kulipa madeni. Roki ya viwanja ikawalipia wale wadogo.

Unachosikia leo ni kipi?

Ufunguo wa mwisho ni kwamba albamu unayoifungua kwenye simu huenda siyo iliyouzwa mwaka ule. Kuna kazi mbili zinazochanganywa. Ya kwanza ni masta mpya: fundi anachukua miksi ile ile iliyokamilika, ya kushoto na kulia, na kuirekebisha kwa ujumla, uzito hapa, wepesi pale. Ya pili ni miksi mpya: anarudi kwenye kanda yenye ala zikiwa mbalimbali na kupanga upya kila kitu. Mchuzi ukishaiva unaweza kuongeza chumvi au ndimu. Nyanya huwezi kuzitoa. Miksi mpya ni kurudi sokoni.

Mfano mzuri kuliko wote ni Tim ya The Replacements, ya 1985. Nyimbo zake zilikuwa bora kuliko za bendi nyingi za wakati huo, lakini miksi ya kwanza, chini ya Tommy Erdelyi aliyekuwa mpiga dramu wa Ramones, ilizifanya zisikike kana kwamba zinatoka ndani ya kopo. Mwaka 2023 Ed Stasium alizifanyia miksi mpya. Ghafla besi ya Tommy Stinson ipo, dramu zina mwili, na Paul Westerberg anaimba akiwa mbele yako. Wapo wanaoshikilia kwamba historia isiguswe. Mimi nasema sikiliza mpya kwanza.

Lakini huwezi kurudi sokoni kama kanda mama iko kwa mtu mwingine, na hapa ndipo mikataba ya miaka ile inapodai chake. Factory ilifilisika Novemba 1992. London Records, waliotaka kuinunua, walikuta hati isemayo kwamba wanamuziki wanamiliki kila kitu na kampuni haimiliki chochote, hivyo ikabidi wazungumze moja kwa moja na New Order, bendi iliyoundwa na waliobaki wa Joy Division. Usambazaji wa Rough Trade ulianguka 1991, na nyimbo za The Smiths zikaishia kwa WEA, ambao mwaka 2011 walizitoa na masta mpya zilizosimamiwa na Marr. Hizo zinafaa, za zamani za CD zina mlio mwembamba. Dinosaur Jr. na Sonic Youth, waliowahi kuwa na SST, walifaulu kuziondoa kazi zao mikononi mwake. Hüsker Dü hawakufanikiwa hivyo. Mkusanyiko wao wa 2017 uliotolewa na Numero Group unahusu miaka ya kabla ya SST, na Hart alifariki miezi miwili kabla haujatoka. Kwa Double Nickels tafuta santuri ukiweza, maana CD zilikata baadhi ya nyimbo ili zienee. Kwa Zen Arcade huna cha kuchagua: ni miksi ile ya saa 40, na ongeza besi kwenye redio yako.